Kila Zana Ina Mwenyewe

Mwanamume anayefundisha chekechea Garsen hupewa pole kwanza, salamu baadaye. Wazee huniuliza kama shule za msingi zimejaa. Vijana wa bodaboda pale Minjila huniita Yaya, na nauli hawanipunguzii. Hayo nimeyazoea. Nisichokizoea, na sidhani kama nitakizoea, ni zana za kufundishia.

Mtaala wa umilisi, huu ambao kila mtu anauita CBC, ulipoanza kote nchini Januari 2019, sisi wa PP1 na PP2 tulitangulizwa mbele pamoja na gredi za chini. Tukaambiwa mtoto wa miaka minne mitano asikalishwe kukariri. Ashike, apange, amwage, ajenge, akate, abandike. Vifaa je? Chekechea iko mikononi mwa kaunti tangu Katiba ya 2010, na kaunti ina mengi, kwa hivyo mwalimu atumie vitu vinavyopatikana katika mazingira yake. Kule kwenye semina tulipiga makofi, tukala chapati, tukarudi makwetu. Hakuna aliyemwambia mwezeshaji kwamba mazingira ya Garsen yana tabia zake. Okota kitu chochote huku, kiite zana ya kufundishia, na kabla ya saa nne asubuhi utagundua kwamba ama kinaliwa, ama kina mwenyewe. Vingi ni vyote viwili.

Nimewasoma wakubwa wa fani hii. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto mipira ya nyuzi na vipande vya mbao wavijengee. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma, Januari 1907, naye akawapangia vitu vya kushika kwa utaratibu wa kupendeza. Wote wawili nawaheshimu. Ila katika maandishi yao sijaona mahali palipotajwa mbuzi anayeingia darasani bila kupiga hodi. Hata karibu yetu, Mombasa, mpango wa chekechea za madrasa ulioanza miaka ya 1980 uliwafundisha walimu kutumia vifuu na makombe ya pwani. Kombe ni kitu cha heshima. Aliyekuwamo ndani ameshahama, na hakuna anayelitafuna. Sisi bahari yetu iko Kipini, na nauli ya kwenda Kipini haimo kwenye bajeti ya darasa.

Tuanze na kuhesabu. Mgeni wa bara huniambia, si muokote mawe? Mimi humwomba aniokotee moja. Garsen imekaa juu ya udongo uliomwagwa na mafuriko tangu enzi za mababu. Unaweza kutembea kutoka darasani hadi mtoni na usipate hata jiwe la kumtupia kunguru. Kokoto pekee nilizowahi kuziona kwa wingi zilikuwa za mkandarasi wa barabara, nazo zina mlinzi. Nilikwenda kumwomba mkebe mmoja. Akanitazama, akatoa daftari, akaniandikisha: kokoto mia moja, zirudishwe Ijumaa. Ijumaa tulipohesabu pamoja, darasa zima, kwa sauti, tukaishia tisini na nane. Moja ilipatikana mfukoni mwa kaptura. Nyingine ilikuwa imeingia puani mwa binti mmoja mkimya ambaye hakuwa amesema lolote tangu Jumatano. Nyanya yake alikuja na ugoro, akampulizia kidogo tu, mtoto akapiga chafya iliyomshtua kunguru wa kwenye paa, na kokoto ikatoka salama. Mlinzi aliipokea kwa kijiti.

Tukahamia vizibo vya soda. Vizibo ni vizuri: vina rangi, vinapangika, na mbuzi haviwezi. Nilipita hoteli zote za stendi nikajaza gunia dogo. Kisha kampuni moja ya vinywaji ikatangaza zawadi chini ya kizibo, na kaka wakubwa wa wanafunzi wangu wakaja dirishani wakati wa mapumziko wakiwa na nia njema ya kutusaidia kuvipanga. Gunia lilirudi likiwa na uzito wa aibu.

Basi tukatumia makoma. Watoto wa huku wanayajua makoma kabla hawajajua majina yao ya shuleni. Ganda lake gumu la kahawia ukiliguguna vizuri linatoa utamu wa sukari guru, na chini yake kuna kokwa isiyovunjika kwa nyundo. Kila mtoto nilimpa kumi. Somo lilikuwa kutoa. Nikasema, "Kumi toa moja." Mvulana wa mbele akachukua koma moja, akaliingiza mdomoni.

"Unafanya nini?"

"Nimetoa, Ticha. Yamebaki tisa."

Hesabu ilikuwa sahihi, nikampa alama yake. Kufikia kumi toa saba, darasa lilikuwa kimya kwa namna ambayo mkaguzi angeipenda, kila mdomo una kazi.

Udongo ndio ulionipa matumaini. Mto Tana, kilomita elfu moja hivi kutoka chemchemi zake za Nyandarua na Mlima Kenya hadi baharini, hutuletea udongo wa mashamba ya watu wa juu mpaka mlangoni bila kudai nauli. Haulipiwi, hauliwi ila na wajawazito wachache, na hauna mlinzi. Nilitandaza mikeka ya miyaa chini ya mwembe, nikaweka beseni la maji katikati, nikagawa madonge. Umba unachokipenda.

Mvulana mmoja wa Kiorma, mtoto wa watu wenye ng'ombe, hakupoteza wakati kuwaza. Alibana donge kwa vidole viwili ikatoka nundu, akavuta pembe, akaziinamisha kidogo kwa ndani, akalamba kidole gumba na kulainisha mgongo. Kisha akachukua mwiba, akakata alama ndogo kwenye sikio la ng'ombe, na akafanya vivyo hivyo kwa wa pili na wa tatu, alama ileile, sikio lilelile. Nilimuuliza ya nini. Alinitazama kwa huruma. Ng'ombe asiye na alama atajulikanaje ni wa nani?

Mbele yake alikaa binti wa Kipokomo aliyekuwa akilima. Alikuwa ameshatengeneza matuta ya mpunga kwa ncha ya kijiti, migomba ya majani ya kweli, na mtumbwi mdogo umeegeshwa ukingoni mwa beseni, ambalo bila kumuuliza mtu alikuwa ameligeuza kuwa mto. Kulikuwa na kiboko ndani, macho tu yanaonekana. Ng'ombe wakaanza kushuka kwenda kunywa.

"Hapa hapitiki," binti akasema. "Pana mpunga."

"Ng'ombe wangu wana kiu."

"Zunguka."

"Nizunguke wapi? Malka iko wapi?"

Mkazi yeyote wa delta atajua ni kwa nini mikono yangu ilipoa. Malka, ile njia ya ng'ombe kupita katikati ya mashamba kwenda mtoni, nimekaa nayo kwenye mabaraza tangu utotoni. Nimesikia machifu wakiizungumzia, wazee, wabunge, na mashirika yenye magari meupe na soda za bure. Watu wamekosana kwa ajili yake, na mwaka 2012 watu wengi waliuawa katika delta hii wakulima na wafugaji walipopigana. Nikaanza kupanga hotuba fupi kuhusu amani. Nilikuwa nimefika kwenye "watoto wapendwa" pale binti alipomchukua ng'ombe mmoja, akampima upana kwa kiganja, akaongeza vidole viwili vya ziada kwa ajili ya pembe, na kupitisha kidole kwenye udongo kutoka kwenye mkeka hadi kwenye beseni. Migomba miwili ikabaki upande wa ng'ombe, na hilo halikumkera.

"Wapite mmoja mmoja," akasema. "Na mavi yabaki shambani kwangu."

Mvulana akafikiri. "Mavi hakuna shida."

Ikabidi sasa yapatikane mavi. Akaumba matatu, akayaweka kwenye mpunga. Mwenzake akaona ni kitu rahisi kuumba kuliko ndege aliyekuwa akihangaika naye, akaacha ndege. Baada ya dakika chache mkeka mzima, Waorma, Wapokomo, Wagiriama, Wawardei na mtoto wa afisa wa polisi aliyehamishiwa huku kutoka Nyeri, walikuwa wakifanya kazi moja kwa bidii na ukimya ambao sijaupata katika somo lolote la dini.

Hapo ndipo afisa wa elimu aliposhuka kwenye pikipiki. Hakuwa ametuarifu. Alikuja na faili, akainama kwa wema, akamuuliza mtoto wa karibu, "Leo mnajifunza nini?"

"Mavi ya ng'ombe."

"Na wewe?"

"Mimi pia mavi."

Alinigeukia. Nikamwambia tunafanya maumbo ya duara. Akaandika kitu kwenye faili, akaandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyosema, kisha akaomba maji ya kunywa. Wakati anakunywa, kuku wa jirani alipita kwenye malka kwa hatua zake za taratibu, akanywa mto, akamdonoa kiboko na kunya kwenye mtumbwi. Watoto walimwacha. Walikuwa wanaangalia kama anapita mmoja mmoja.

Kona ya nyumbani ni shughuli nyingine inayosifiwa sana. Unaweka sufuria kuukuu, mwiko, leso, mwanasesere, na watoto wanaigiza maisha ya nyumbani. Vitabu huonyesha mama akipika na baba akisoma gazeti. Sisi tuliona mafuriko ya Novemba 2023, na kabla matope hayajakauka vizuri tukaona ya Aprili na Mei 2024. Niliwaambia, "Haya, mko nyumbani, chezeni." Binti aliyejipa cheo cha mama akatega sikio, akasema, "Masinga imejaa."

Masinga ni bwawa la juu kabisa katika yale ya umeme, liko mamia ya kilomita kutoka kwetu. Mtoto wa mji mkubwa wa umri huo anajua majina ya katuni. Wa Garsen anajua kwamba Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere zikifurika huko juu, siku si nyingi kitanda cha nyanya kitaelea. Walifungasha nyumba haraka kuliko ninavyofungasha vitabu. Sufuria ndani ya sufuria, mkeka juu, mwanasesere mgongoni kwa leso, dawati likawa mtumbwi. "Chukua kitambulisho!" mama akamfokea baba, naye baba, mwenye miaka mitano, akajipapasa mifukoni kwa wasiwasi wa kweli.

Nikauliza mimi ni nani katika mchezo huu. Wakashauriana.

"Wewe ni lori la msaada," mama akasema. "Simama hapo mlangoni."

Nikasimama, nikaanza kunguruma ili niondoke.

"Hapana, Ticha. Umekwama."

Nilibaki nimekwama mpaka saa ya uji.

Kona ya duka nayo ilikuwa na mafanikio makubwa, na bado naigharimia. Tulipanga maboksi matupu ya majani ya chai, mikebe, noti za karatasi. Mwenye duka alikuwa binti ambaye mama yake ana kibanda karibu na msikiti. Alikuwa na kila kitu cha biashara isipokuwa bidhaa: sauti, mikono kiunoni, na kalamu nyuma ya sikio. Wateja walianza na noti, lakini mmoja akasema hana pesa taslimu, atatuma. Mwenye duka akamwambia, "Tuma na ya kutoa." Nilikuja mimi. Nikanunua sabuni, sukari na mafuta, vyote hewa, na nikasema kwa kutania kwamba nitalipa mwisho wa mwezi. Akaandika kwenye daftari lake alama ambazo hazikuwa herufi wala tarakimu. Nikafurahi. Kitabu cha mwongozo kinasema kuandika huanza hivyo.

Jioni nilipita kwenye kibanda cha mama yake kununua mkate. Yeye alikuwa na daftari la kweli, lenye ukurasa wangu.

"Mwalimu, na zile mia mbili za asubuhi?"

"Zipi?"

"Mtoto amesema ulichukua sukari, mafuta na sabuni."

Nilieleza. Nilieleza CBC, kona za kujifunzia, umuhimu wa kuigiza katika ukuaji wa lugha. Watu wawili waliokuja kununua mafuta ya taa walisimama kusikiliza. Mama alikuwa mpole sana. Alisema yeye hajakataa, ila mtoto wake hajawahi kusema uongo. Mimi na huyo mama tuliafikiana mia moja.

Na bado hatujafika kwa wazazi kwa ujumla wao. Mtaala unataka wazazi washiriki, na njia ya kushiriki ni WhatsApp. Siku moja niliandika kwenye kundi: kesho kila mtoto aje na kitu kimoja laini na kimoja kinachokwaruza. Ujumbe uliondoka saa kumi jioni. Kuanzia saa tatu usiku zikaanza kuingia sauti. Baba mmoja aliuliza kama ndevu zake zitafaa na kama ni lazima aje nazo yeye mwenyewe. Mwingine akasema wakati wao walisoma na vumbi na leo ni dereva wa trela. Mama mmoja alituma kicheko cha dakika nzima, basi.

Asubuhi vitu vikaja. Pamba, gunzi, msasa wa seremala (mwenyewe aliufuata saa tano), kipande cha ngozi ya mbuzi, na tawi zima la mathenge. Mti huu uliletwa kule Bura miaka ya 1980 ili kukinga ardhi na kutupatia kuni. Tangu hapo umeteremka nchi kavu kwa kasi isiyofikiwa na mradi wowote wa umwagiliaji, na miiba yake inatoboa gurudumu la trekta. Wetu ulitoboa mpira pekee wa shule kabla sijamaliza kuita majina.

Mvulana wa mwisho kuingia alikuwa akisukuma kwa makalio mtungi wa lita 20 uliokatwa juu. Ndani ya maji ya matope kulikuwa na kambare, mzima, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko.

"Kitu laini," akasema.

Sikuweza kubisha. Nikawapanga mstari. Mwenye samaki akawa mwalimu, akawaelekeza kama babake anavyomwelekeza yeye: hapa mgongoni shika, hapa kwenye pezi la shavuni usishike, atakuchoma utalia mpaka usiku. Kila mtoto alifumba macho, akanyoosha kidole kimoja, akagusa, akakirudisha kidole kifuani na kukiangalia. Utelezi wake ulikuwa ukivutika kati ya kidole na kidole. Binti mmoja alichungulia zile sharubu, akatangaza kwamba anafanana na mwalimu mkuu. Kwa bahati mbaya mwalimu mkuu alikuwa mlangoni.

Katika kugeuka kuamkia, mtu alipiga mtungi teke. Kambare ni samaki anayevuta hewa, na sakafu ya saruji iliyolowa kwake ni barabara. Alikwenda chini ya madawati kwa kujipinda, kimya, kwa mwendo wa mtu anayejua anakoenda. Watoto wote wakawa juu ya madawati, nami nilikuwa juu ya moja. Mwalimu mkuu alikuja na ufagio, akampiga mahali ambapo alikuwa ametoka. Mwenye samaki hakuwa na haraka. Alivua sweta lake la sare, na hapa niseme kwamba sijui ni nani aliyeamua watoto wa Garsen wavae sweta, lakini siku hiyo nilimsamehe. Akalirusha juu ya kichwa cha samaki, akamkalia.

Kufikia mapumziko, kambare alikuwa ameshapita mikononi mwa mpishi wetu wa uji, mwanamke asiyependa kuona kitu kikiharibika. Saa sita akaja baba mtu. Alitusalimia vizuri, akauliza habari za masomo, akauliza samaki yuko wapi. Alikuwa ni wa oda. Hoteli fulani stendi ilikuwa imeshamlipia tangu jana, na mtoto alimchukua kutoka kwenye maji alikohifadhiwa kwa sababu Ticha alisema mje na kitu laini. Sote tulitazama upande wa jikoni, kulikokuwa kunanukia vitunguu. Nililipa mia tatu. Kichwa walinihifadhia.

Hata nyimbo, ambazo hazina uzito wala mdomo, zina mwenyewe. Jumatatu na Ijumaa chekechea tunajipanga mbele kabisa ya gwaride, na mwalimu mkuu hulalamika kwamba wangu hawasimami wima kwenye wimbo wa taifa. Mmoja hasa, wa Kipokomo, hufika ubeti wa pili akiwa amelegea shingo, na wa tatu humkuta amenilalia kwenye paja, anakoroma. Nilimwita nyanya yake. Nyanya alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Wimbo huo, ulioandaliwa mwaka 1963 na kamati ya watu watano, lahani yake ilitoka huku huku kwetu, kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto walale. Nyanya huyu bado anamlaza nao mjukuu kila usiku, kwa maneno ya zamani. "Nimemfundisha kulala," akaniambia, "nyinyi mnamfundisha kusimama. Amueni." Nilimpelekea mwalimu mkuu ufafanuzi huu. Alisema nimsimamishe karibu na mlingoti, aegemee.

Mwisho wa muhula huwa ni ripoti. Siku hizi hatuandiki nambari mtu ameshika, tunaandika kama mtoto amezidisha matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, au yuko mbali na matarajio. Miongoni mwa shughuli za kujitunza kulikuwa na kufunga kamba za viatu. Kwa haki na kwa moyo mzito nilimwandikia mtoto wa mchungaji mmoja wa mbuzi kwamba yuko mbali na matarajio. Mama yake alikuja kesho yake asubuhi, ripoti ameikunja mara nne.

"Mwalimu, mtoto wangu anavaa ndara."

"Naam, mama."

"Ndara zina kamba?"

Tukakubaliana nimjaribu upya, kwa kamba ya kamba, si uzi wa mtu wa Nairobi. Nikawaambia watoto wote waje na kamba, wafunge wanavyofunga watu nyumbani. Watoto wa wavuvi walifunga mafundo ya mtumbwi, yanayofunguka kwa kuvuta mara moja. Wa fundi pikipiki alifunga mzigo wa magunia hewa kwenye kiti changu. Yule wa mbuzi alichagua mahali pake bila kuomba ruhusa: alipitisha kamba kwenye komeo la mlango, kwa ndani, akaizungusha kwenye mguu wa dawati kubwa, akapiga fundo lake, akalibana kwa meno. Nikalisukuma kidogo. Likakaza. Nikavuta. Likakaza zaidi. Nikachukua kalamu nyekundu nikafuta ya zamani na kuandika kwamba amezidisha matarajio, naye akasimama kando yangu kwa unyenyekevu wa fundi.

"Vizuri sana," nikasema. "Sasa fungua, tutoke tukanywe uji."

"Kufungua ni kazi ya baba."

"Baba yuko wapi?"

"Malishoni."

Tulijaribu sote, kwa zamu, kama mtaala unavyotaka. Walijaribu kwa kucha, kwa penseli, kwa mkasi wa karatasi ambao ulipinda. Hatimaye nikatoa kichwa dirishani, nikamwita mpishi atuletee kisu. Alikuja na mwiko mkononi, akachungulia mlango, akachungulia fundo, akatazama kamba yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Kisu kiko kwenye vitunguu," akasema. "Na hiyo kamba ni ya mbuzi wangu. Haikatwi."